Pweza, ngisi, dome au belemnaiti: uanzie ukoo gani kufuata historia yao ya kale?

Ukimsafisha ngisi mbichi, baada ya kung'oa kichwa na matumbo, ingiza kidole ndani ya mfuko wa mwili, upande wa mgongoni. Utagusa kitu kama ukanda wa plastiki. Uvute taratibu, utatoka mzima: mwembamba, unapitisha mwanga, una umbo la unyoya. Binti yangu alipouona kwenye sinki aliuliza kama huyu ngisi alimeza mfuko wa Rambo. Hakumeza kitu. Hilo ndilo gamba lake, au tuseme masalio yake.

Mababu wa ngisi walikuwa na gamba la chokaa lenye vyumba vya hewa, kama amonaiti, mnyama wa bahari aliyekwishatoweka, na kama nautilasi aliyeko baharini hadi leo. Baadhi yao wakaanza kulifunika gamba kwa nyama. Likaingia ndani, likapungua, likawa jepesi. Kwa dome limebaki ule mfupa mweupe unaookotwa ufukweni. Kwa ngisi ni huo ukanda. Kwa pweza wengi hakuna kilichobaki isipokuwa vijiti viwili vidogo ndani ya mwili, na wengine hata hivyo hawana.

Habari hii ni tamu kuisimulia, lakini inamtesa anayetaka kuisoma kwenye mawe. Kinachogeuka kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani, kirahisi ni kitu kigumu, na wanyama hawa wametumia mamia ya mamilioni ya miaka kuachana na vitu vigumu. Kwa hiyo ndugu hawa hawakuacha kumbukumbu sawa. Mwanafunzi anayetafuta mada, mwalimu anayepanga somo, au mtu mwenye hamu tu hukwama palepale: nimfuate yupi?

Nimewapanga wanne: belemnaiti, ambaye hayupo tena duniani, kisha pweza, ngisi na dome. (Sehemu nyingine za pwani ngisi na dome wote huitwa ngisi. Hapa dome ni yule mpana mwenye mfupa mweupe, na ngisi ni yule mrefu mwenye ukanda.)

Vipimo nilivyotumia

Kwanza, ni nini kinachobaki mwambani, na kwa wingi gani. Pili, umri wake unajulikana kwa uthabiti kiasi gani, na wataalamu wanabishana wapi. Tatu, kuna kitu unachoweza kukishika mkononi, au utaishia kutazama picha? Nne, anamfaa nani.

Ramani fupi ya ukoo kabla hatujaingia. Wenye gamba la ndani wamegawanyika matawi mawili. La kwanza ni la minyiri minane: pweza, pamoja na yule mnyama wa kilindini aitwaye Vampyroteuthis, ambaye jina lake la kisayansi linamwita ngisi ilhali ni jamaa ya pweza. La pili ni la minyiri kumi: ngisi na dome. Belemnaiti huwekwa upande huu wa kumi.

Belemnaiti

*Kinachobaki.* Umbo lake lilikuwa kama la ngisi, ila mkiani, ndani ya nyama, alibeba kipande kizito cha kalisaiti chenye umbo la risasi. Vyumba vya hewa vya gamba lake vilimwinua, na uzito ule wa nyuma unadhaniwa ulimsaidia kukaa mlalo bila kichwa kuzama. Kalisaiti ni chokaa inayostahimili. Ndiyo maana mnyama mwenyewe ameoza, risasi zake zimebaki kwa maelfu. Zamani huko Ulaya watu waliziokota mashambani wakaamini zimeshuka na radi.

Ukipata kimoja kilichovunjika katikati, kitazame vizuri kabla hujakiweka mfukoni. Rangi yake mara nyingi ni ya chai ya rangi. Miale imetoka kitovuni kwenda ukingoni, na juu ya miale kuna pete ndani ya pete, kama za gogo lililokatwa. Pete hizo ndizo zilizompa belemnaiti umaarufu maabara. Mwaka 1951 Harold Urey na wenzake wa Chicago walikwangua tabaka baada ya tabaka kwenye belemnaiti mmoja wa Jurasi, kimojawapo cha vipindi vya dinosaria, kutoka Uskoti, wakapima uwiano wa aina mbili za oksijeni katika kila tabaka. Uwiano huo hubadilika kadiri joto la maji linavyobadilika. Wakasoma majira: baada ya ujana wake, mnyama huyu aliishi viangazi vitatu na vipupwe vinne, akafa majira ya kuchipua akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mimi kila nikikumbuka jambo hili nastaajabu upya. Tunajua alikufa majira gani, na ni zaidi ya miaka milioni 145 imepita.

Belemnaiti mwingine, wa mwamba wa Peedee huko South Carolina, aligeuzwa kipimo cha dunia nzima. Anayepima kaboni leo, awe anachunguza hali ya hewa ya kale au mkojo wa mwanariadha, bado analinganisha na kiwango kinachobeba herufi PDB, yaani Pee Dee Belemnite. Sampuli yenyewe ilikwisha zamani.

*Umri na ubishi.* Hapa pametulia. Walienea tangu mwishoni mwa Triasi, kipindi kilichotangulia Jurasi, wakajaa bahari za Jurasi na Kretasia iliyofuata, wakatoweka takribani miaka milioni 66 iliyopita, zama zilezile za mwisho wa dinosaria. Aina zao hubadilika haraka kutoka tabaka hadi tabaka, hivyo wanajiolojia huzitumia kupangia umri wa miamba. Nyama ndiyo adimu, lakini nayo ipo. Miamba ya Holzmaden, Ujerumani, imehifadhi wachache wenye minyiri kumi iliyojaa ndoano ndogo. Na katika makumbusho ya Stuttgart yumo papa wa Jurasi mwenye zaidi ya risasi 200 za belemnaiti tumboni. Alikula asichoweza kukisaga, na yaelekea ndicho kilichomuua.

*Mkononi.* Huyu ndiye rahisi kuliko wote. Fukwe za Lyme Regis na Charmouth, Uingereza, zinawatoa kila mawimbi yakibomoa ufuko, na kwa wauza visukuku wa Ulaya ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa. Kwetu pia wapo. Spishi moja, Belemnopsis tanganensis, imebeba jina la Tanga tangu karne ya 19, na baadaye ikatambuliwa hadi Madagaska na Kutch, India, nchi zilizokuwa zimekaribiana kabla mabara hayajaachana. Miamba ya Jurasi iliyo bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa, ina belemnaiti na amonaiti. Hata Tendaguru, Lindi, inayojulikana kwa dinosaria waliochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ina matabaka ya bahari yaliyopishana na yale ya mifupa, na humo belemnaiti wamo. Ila angalia: Kenya na Tanzania zote mbili zinalinda visukuku kwa sheria ya mambo ya kale. Kuchimba na kuondoka navyo bila kibali ni kosa.

*Anamfaa* anayetaka kitu cha kupima, kuhesabu na kulinganisha, hasa mwanafunzi wa jiolojia. Kasoro yake ni kwamba hakuacha mjukuu. Ukimfuata hadi mwisho unafika ukutani, na pweza uliyempenda humkuti njiani.

Pweza

*Kinachobaki.* Karibu sifuri, na kidogo kilichopo ni cha ajabu. Mwili wa pweza ni nyama. Akifa, kaa na samaki humfikia kwanza, kisha bakteria. Ili abaki lazima mambo kadhaa yatokee kwa pamoja: azame penye matope laini yasiyo na oksijeni, afunikwe upesi, na nyama igeuke madini ya fosfati kabla haijaoza. Mahali pa namna hiyo panahesabika.

Lebanoni ni mojawapo. Mawe ya chokaa ya Hakel na Hadjoula, yenye umri wa miaka milioni 95 hivi, yametoa pweza walioelezwa kisayansi mwaka 2009 na kuitwa Keuppia na Styletoctopus. Wamelala bapa juu ya jiwe kama waliopigwa pasi: minyiri minane imetandazwa, vinyonyeo vinaonekana, wino upo. Mwenzao Palaeoctopus, kutoka Lebanoni hiyohiyo, alijulikana tangu karne ya 19 na kwa muda mrefu ndiye pekee aliyetajwa vitabuni.

Mahali pengine ni La Voulte-sur-Rhône, Ufaransa, penye miaka milioni 164 hivi. Proteroctopus wa hapo hakulaliwa akawa bapa. Amebaki na unene wake. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kumpitisha kwenye miale ya eksirei yenye nguvu kubwa huko Grenoble. Walihesabu minyiri minane, wakaona mapezi, na wakamweka kwenye tawi la pweza na Vampyroteuthis bila kumwita pweza kamili.

*Umri na ubishi.* Hapa kaa mkao wa kusikiliza kesi. Mwaka 2000 kilielezwa kisukuku kutoka Mazon Creek, Illinois, cha miaka milioni 300 na ushei. Kikaitwa Pohlsepia, kikatangazwa kuwa pweza wa kale kuliko wote. Ni doa jeupe ndani ya jiwe la duara, lenye kitu kama minyiri na kitu kama macho. Wengi hawakushawishika, na mimi nikitazama picha zake nawaelewa: akili ikishaambiwa "pweza", inamchora yenyewe. Tofauti ya Pohlsepia na pweza wa Lebanoni ni zaidi ya miaka milioni 200 ya ukimya. Asiyetilia shaka pengo hilo labda hajalipima.

Mwaka 2022 akaja Syllipsimopodi bideni kutoka Montana, wa miaka milioni 328, mwenye minyiri kumi na vinyonyeo, aliyepewa jina la Rais Joe Biden. Alikuwa amekaa kwenye hifadhi ya makumbusho ya Toronto tangu 1988. Waliomweleza wanamweka kwenye mzizi wa tawi la pweza, maana yake pweza alianza na minyiri kumi akapoteza miwili. Wengine wakajibu kwamba huenda ni mnyama aliyekwishajulikana kutoka miamba ileile, ila amehifadhika vibaya. Kesi haijafungwa.

*Mkononi.* Kisukuku sahau. Mnyama mwenyewe, hapa pwani, unaye. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake na vijana huingia mwambani na kijiti wakipekua mashimo, na anayetoka mara nyingi ni Octopus cyanea. Mtazame akijibana kupita kwenye ufa usiozidi vidole viwili, utaelewa alichopata kwa kuacha gamba. Gharama ya faida hiyo ni kutoonekana mwambani.

*Anamfaa* mtu anayependa ubishi wa kisayansi na mwenye subira ya kusoma hoja za pande mbili. Kwa tasnifu ya kwanza, bila maabara wala safari, simshauri mtu.

Ngisi

*Kinachobaki.* Ule ukanda wa jikoni, uliotengenezwa kwa kaitini, pamoja na mdomo mgumu kama wa kasuku na vijiwe vidogo vya kichwani vya kumpa mizani. Kaitini huoza, tena ngisi wengi wana balaa la ziada: huelea kwa kujaza amonia mwilini. Utafiti wa 2017 ulieleza kwamba amonia hiyo huzuia maji ya mwilini yasiwe na asidi ya kutosha baada ya kifo, na bila asidi nyama haigeuki fosfati. Yaani kile kinachomwelesha akiwa hai ndicho kinachomfuta akifa.

*Umri na ubishi.* Mawe ya Solnhofen, Ujerumani, yana wanyama wazuri wenye ukanda kama wa ngisi. Mmoja, aina ya Plesioteuthis, ana jino la mjusi arukaye, Rhamphorhynchus, limebaki limechomekwa mwilini. Mjusi alikosa kitoweo na jino likaenda. Vitabu vya zamani viliwaita ngisi wa Jurasi. Sasa wengi wao wamehamishiwa kwenye tawi la pweza na Vampyroteuthis, kwa sababu umbo la ukanda na idadi ya minyiri vinaelekea huko. Ukiona bango la makumbusho linasema "ngisi wa miaka milioni 150", usilimeze bila kutafuna.

Kwa miaka mingi basi ngisi wa kweli alikuwa karibu hana historia. Mambo yaligeuka Juni 2025. Watafiti wa Japani walichukua mawe ya Kretasia, wakayasaga tabaka jembamba baada ya tabaka jembamba huku kila tabaka likipigwa picha, kisha kompyuta ikaunganisha picha hizo na kuonyesha kila kilichokuwa ndani. Jiwe linaangamia, lakini nakala yake inabaki kwa undani usio wa kawaida. Wakapata midomo 263 ya ngisi, ya spishi 40 hivi, iliyoonyesha ngisi walikuwapo takribani miaka milioni 100 iliyopita na wakazaana aina kwa aina upesi. Kabla yao wengi walifundisha kwamba ngisi walistawi baada ya dinosaria kutoweka. Midomo hiyo ilikuwa mwambani muda wote, midogo mno kwa jicho na nyundo.

*Mkononi.* Kisukuku ni kigumu kukipata, ila ukanda, mdomo na vinyonyeo utavipata kwa bei ya robo kilo. Ukaushe ukanda kwenye karatasi, andika tarehe, ulinganishe na picha za Solnhofen. Ni zoezi la jioni moja.

*Anamfaa* mwenye kupenda kompyuta na picha za matabaka, na anayetaka uwanja ambao bado haujakanyagwa sana. Asiyependa kusoma jambo likabadilika mwakani atachoka.

Dome

*Kinachobaki.* Ule mfupa mweupe, ambao si mfupa bali ni gamba la ndani la aragonaiti, aina nyingine ya chokaa. Ukwangue kwa ukucha, unabomoka kama chaki. Uvunje na uusogeze kwenye mwanga: matabaka membamba yamepangwa kama ghorofa, na kati ya ghorofa na ghorofa zimesimama nguzo ndogo mno. Dome hupunguza au huongeza maji ndani ya vyumba hivyo, akapanda au akashuka. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

*Umri na ubishi.* Aragonaiti haidumu kama kalisaiti, hivyo dome wa kale ni wachache kuliko belemnaiti, ingawa ni bora kuliko pweza. Anayejulikana zaidi ni Belosepia wa Eosini, wa miaka milioni 50 au pungufu, kutoka bonde la Paris, Uingereza na Marekani. Mara nyingi hupatikana ncha ya nyuma tu, nene na iliyopinda kama mwiba. Ubishi ni mdogo kwa kuwa historia yenyewe ni fupi.

*Mkononi.* Ufukweni, bure. Masonara wengine huuchonga na kumimina fedha iliyoyeyushwa ndani yake, na wafugaji wa ndege huuning'iniza tunduni. Kuna na wino: mwaka 2012 watafiti walilinganisha wino wa kifuko cha Jurasi kutoka Uingereza na wino wa dome wa leo wa Ulaya, wakakuta rangi ileile, melanini, karibu haina tofauti kikemia. Elizabeth Philpot wa Lyme Regis hakusubiri maabara. Mwaka 1833 alichanganya wino wa kisukuku na maji akachorea fuvu la mnyama wa baharini, na mchoro ukatoka.

*Anamfaa* mwalimu wa shule na mzazi.

Na vinasaba je?

Havikuwa chaguo la tano, kwa sababu havisimami peke yake. Saa ya vinasaba, yaani kukadiria muda kwa tofauti za vinasaba vya wanyama walio hai, huonyesha kwamba tawi la minyiri minane na la kumi yalitengana karibu na kipindi cha Permi, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Lakini saa hiyo hutegwa kwa visukuku. Ukimkubali Syllipsimopodi inarudi nyuma; ukimkataa inakaa ilipo. Kwa hiyo kila unapoona tarehe ya vinasaba, uliza kwanza ilitegwa kwa kisukuku kipi.

Kwa hali yako

Kama una darasa la watoto arobaini na bajeti ya nauli tu, chukua dome na ngisi. Mfupa mmoja kwa kila meza, ukanda mmoja kwa kila meza, na swali moja ubaoni: ni nani kati ya hawa atakayebaki mwambani?

Kama unatafuta mada ya shahada ya kwanza na idara yako ina sampuli za Jurasi, belemnaiti hatakuangusha. Kama idara haina sampuli ila ina kompyuta nzuri na mtu wa kukusimamia, uliza kuhusu midomo ya ngisi.

Kama uko Ulaya kwa masomo au kazi na unataka kujionea, Stuttgart ina yule papa, na Lyme Regis unaweza kuokota cha kwako bila kumwomba mtu, mradi usichokonoe kuta za mwamba zinazoporomoka.

Kama kinachokuvuta ni pweza na hutaki kusikia mwingine, anza na wale wa Lebanoni, kisha La Voulte, na Mazon Creek iwe ya mwisho. Ukianza na Pohlsepia utajenga nyumba juu ya doa.

Na kama unaishi Tanga, Lindi au bara ya Mombasa na umeona jiwe lenye umbo la risasi limechomoza kwenye mwamba wa tope, weka sarafu kando yake, piga picha, andika mahali, liache hapohapo, kisha peleka picha makumbusho.